Mechi Nilizoziandika Bila Kuziona

Kama wiki hii umepewa kadi ya kliniki ya kifua na umeificha chini ya godoro, haya nimekuandikia wewe. Mimi yangu niliificha ndani ya rejista ya darasa la sita, nikiamini hakuna mtu mzima atakayeifungua kwa hiari yake. Siandiki ili kukufundisha habari za dawa, maana hiyo si elimu yangu. Nataka kukusimulia jinsi nilivyougua, jinsi nilivyopona, na jambo moja nililolifanya katikati ya hayo ambalo mpaka leo linaniuma kuliko sindano zote nilizodungwa.

Ninafundisha shule ya msingi karibu na Nyaramba. Ualimu niliusomea katika chuo kimoja cha huku kwetu, na chuo hicho kina timu ya mpira wa wavu inayoitwa Nyuki, kwa sababu ya jezi zake za manjano na nyeusi. Sikuwahi kuichezea. Nilikuwa yule mtu wa kupiga bati pembeni ya uwanja na kumtukana refa kwa lugha ambayo refa haielewi. Hata baada ya kuhitimu niliendelea kwenda kila timu ikicheza nyumbani.

Mwaka uliofuata mvua za El Nino, Onsongo, tuliyesoma naye chuoni na ambaye wakati huo alikuwa Amerika masomoni, alianzisha kundi la barua pepe la mashabiki wa Nyuki. Alilipa jina Mzinga. Ukiandika barua moja inawafikia wote. Tulikuwa kama watu ishirini, wengine Minnesota, wengine Nairobi, Eldoret na Pwani, kila mmoja amepita chuoni mwaka wake, na wengi wetu hatukuwa tumewahi kuonana. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimebaki karibu na uwanja, kwa hiyo kazi ya kuandika ripoti za mechi ikaniangukia. Sitajifanya kwamba nililazimishwa. Shuleni nilikuwa mwalimu kama walimu wengine, lakini kwenye Mzinga nilikuwa Mwandishi, na watu waliokuwa ng'ambo walilingojea neno langu.

Kompyuta sikuwa nayo. Kisii mjini kulikuwa na duka la vitabu na karatasi la familia moja ya Kihindi, na huko nyuma ya duka, kando ya mashine ya kutoa nakala, palikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na simu. Aliyeishughulikia ni Bhavna, mke wa mtoto wa mwenye duka, mwanamke mpole wa rika langu. Unaandika barua yako kwa mkono nyumbani, unampa, anaipiga chapa, na alasiri laini ya simu ikitulia anazituma zote kwa pamoja. Zinazoingia anazichapisha kwenye karatasi, anazikunja na kukuwekea katika faili yenye jina lako. Kwa hiyo kila neno nililowaandikia marafiki zangu lilipita kwanza mbele ya macho ya Bhavna, na pengine mbele ya macho ya yeyote aliyesimama kaunta akingoja zamu yake.

Kikohozi kilinianza Januari ya mwaka tisini na tisa, wakati wa jua kali ambapo majani ya chai huwa machache na watu wana nafasi ya kutazamana. Nilisema ni vumbi la chaki. Kisha suruali zikaanza kunipwaya, nikawa natoboa mshipi matundu mapya kwa msumari. Jasho lilinilowesha hata nikiwa nimekaa kivulini nikisahihisha madaftari. Mke wangu, Kerubo, alinitazama mwezi mzima bila kusema kitu. Siku moja akaniletea koti langu na kuniambia, "Vaa, twende hospitali. Ukikataa nitakwenda kumwambia mwalimu mkuu mbele ya watoto." Namjua Kerubo. Nilivaa.

Ukumbi wa kungojea niliujua vizuri kuliko nilivyotaka. Kulikuwa na mabenchi manne, na la mwisho karibu na dirisha lilikuwa la wenye kifua. Sista alikuwa na sauti ya kiranja wa shule. "Wa makohozi wakae kule!" alisema, na ukumbi mzima ukageuka kututazama tukihamia kule. Siku ya pili ya kupeleka kikopo changu nilimkuta mzazi wa mwanafunzi wangu akiwa na mtoto mwenye malaria. Aliniamkia vizuri, kisha akaangalia benchi nililokalia. Nikamwambia namngojea mtu. Miaka ile mwanamume akikonda na kukohoa, watu hawakuuliza ana nini, walikuwa wameshaamua, na neno lenyewe walilisema kwa kunong'ona. Nilipimwa hilo pia na sikuwa nalo, lakini ungemtangazia nani? Huwezi kutembea sokoni Nyaramba na karatasi ya maabara kifuani.

Nililazwa wiki tatu. Baada ya hapo ikawa miezi miwili ya kwenda zahanati kila asubuhi, nimeze dawa mbele ya muuguzi na kudungwa sindano, ndipo nikimbilie shule. Muuguzi wa zahanati alikuwa kijana mwenye masihara. "Mwalimu, fungua mdomo," alikuwa akisema. "Wewe huwa unakagua kucha za watoto, mimi nakagua ulimi." Mkojo ulikuwa wa rangi ya chungwa, na mara ya kwanza nilipouona chooni nilidhani ninavuja damu. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Basi mimi nakuambia: usiogope, ni dawa tu. Viungo viliniuma kama mtu aliyelima ekari nzima. Kisha, mwezi wa pili ulipokuwa ukiisha, ikanijia njaa ya ajabu. Nilikula mkungu wa ndizi karibu peke yangu kwa siku nne, na Kerubo akacheka kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Sitaki kumchora Kerubo kama malaika. Alikuwa amenitengea kikombe, sahani na kijiko, akavifunga uzi mwekundu, na siku moja tuligombana kwa sababu nilivunja kikombe hicho kwa makusudi. Binti yetu, Bosibori, alikuwa na miaka mitatu. Alizoea kunipanda magotini nikitoka shule. Wiki zile za kwanza alizuiwa, akawa anasimama mlangoni akinyonya kidole na kunitazama, na mimi namwambia, "Baba anaumwa, nenda kwa bibi." Hizo ndizo siku nilizolia. Naye mama yangu mzazi, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka kwangu, hakuwahi kuniuliza naumwa nini. Kwetu Wagusii kuna heshima kati ya mzazi na mtoto wake mzima tunayoiita chinsoni: habari za mwili hazizungumzwi kati yenu. Alituma uji kila asubuhi, uji mzito wa wimbi, na kila Sabato akaniombea kanisani bila kutaja jina la ugonjwa. Alijua. Nilijua kwamba anajua. Tulizungumza habari za ng'ombe.

Nimelitaja hilo kwa sababu nadhani ndilo lililonifundisha vibaya. Niliona ni jambo la kawaida kabisa kupendwa na watu bila kuwaambia kinachonisumbua.

Wiki niliyoingia hospitalini ndiyo wiki ambayo Nyuki walifungua mashindano ya vyuo. Kerubo alipopitia dukani kwa Bhavna alirudi na karatasi tano. Zote zilikuwa zinauliza kitu kimoja: Mwandishi uko wapi, tumepata ngapi?

"Waandikie kwamba umelazwa," Kerubo alisema, akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nikisema nimelazwa watauliza ninaumwa nini."

"Si uwaambie? Umesema ni marafiki."

"Nitamwambia Bhavna aandike neno hilo? Pale kaunta?"

Nikamwomba jambo lingine. Chuo hubandika matokeo ya mechi kwenye ubao wa matangazo langoni, na yeye siku za soko hupita pale. Nikamwomba anakili yale matokeo. Aliyaleta siku ya pili, nyuma ya risiti ya sukari: Nyuki seti tatu, wageni seti moja. Kutokana na hayo niliandika kurasa mbili. Niliandika jinsi mchezaji wetu mrefu alivyoruka hadi kiuno chake kikawa sawa na wavu. Niliandika jinsi mashabiki walivyoingia uwanjani. Niliandika, na hili linaniaibisha zaidi, kwamba nilishangilia mpaka sauti ikanikauka. Sauti yangu ilikuwa imekauka kweli, kwa kukohoa.

Waliipenda. Onsongo alisema ni ripoti bora kuliko zote. Kwa hiyo nikaandika nyingine, na nyingine. Kuanzia Februari mpaka Septemba niliandika mechi kumi na moja na sikuona hata moja. Hata nilipopata nguvu nilikataa kwenda uwanjani, kwa kuogopa kikohozi kunishika mbele ya umati.

Mtu mmoja tu alinishtukia. Jina lake Mwakio, Mtaita, aliyehitimu chuoni miaka kadhaa kabla yangu. Alikuwa ameuacha ualimu na kuwa karani katika shamba moja la mkonge upande wa Voi, na alitumia kompyuta ya ofisi. Mwezi wa Aprili alinitumia barua mimi peke yangu, bila kuipitisha kwenye kundi. "Kaka Mwandishi," aliandika, "katika aya ya pili umesema mvua ilinyesha tangu asubuhi. Katika aya ya nne wachezaji wanatimua vumbi. Hebu nieleze, huko Gusii vumbi na mvua hukutana wapi? Au wewe ulikuwa umelala nyumbani?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ningeweza kumjibu ukweli siku ile ile. Badala yake nilimjibu kwamba uwanja wa chuo chetu una upande wa wageni na upande wa wenyeji, na mvua huku inamjua mwenyeji. Alijibu kwamba ameridhika na maelezo ya kisayansi. Tangu siku hiyo tukawa tunaandikiana kila wiki. Alinieleza habari za tembo wanaovunja ua wa shamba, za mkewe Wakesho na kuimba kwake kubaya kuliko kwa fisi, za watoto wake wawili. Mimi nilimweleza habari za Bosibori, za bei ya chai, za mwalimu mkuu wetu anayelala mikutanoni. Nilimweleza kila kitu isipokuwa mahali ninapopita kila asubuhi kabla ya shule. Sijawahi kuuona uso wake, na kwa mwaka ule hakukuwa na mtu nje ya nyumba yangu aliyenijua vizuri kuliko yeye.

Katikati ya Juni, baridi ikiwa imeanza na ukungu umeshuka mpaka kwenye mistari ya chai, nilikuta barua yake kwenye faili. Bhavna alinipa bila kuniangalia. Niliisomea nje, nimeegemea ukuta wa duka. Ninayo bado. Inasema hivi:

"Kaka, leo sina masihara. Nakuuliza wewe kwa sababu uko mbali na hujaniona sura. Ninatumia dawa za kifua kikuu. Nimefika mwezi wa nne na wameniambia ni minane. Ofisini nimewaambia nina pumu, lakini dereva aliniona kliniki na sasa hakuna anayekunywa chai na mimi. Nimenenepa, sikohoi, najisikia mzima, na kila nikienda kuchukua dawa naonekana na watu wengine zaidi. Najiuliza kama si afadhali niache. Sijawahi kukutana na mtu aliyezimaliza. Wewe unazunguka na watu wengi. Je, unamjua hata mmoja?"

Siku hiyo mimi nilikuwa mwezi wa tano.

Nilirudi nyumbani nikaandika ukurasa mmoja bila kufuta neno. Nilimwandikia kwamba mimi mwenyewe ninazimeza, kwamba nami nilidhani nimepona mwezi wa tatu, kwamba nina kadi ndani ya rejista, kwamba hizo mechi zote sijaziona na vumbi lile lilikuwa langu. Nikamwambia tushindane nani atamaliza vizuri. Kerubo aliusoma akasema, "Tuma huu huu." Lakini mimi, kwa ujinga wangu, niliandika pia karatasi ya pili, fupi, kama mtu anayebeba mwavuli iwapo mvua itanyesha. Nikaziweka zote mbili mfukoni.

Dukani kulikuwa na watu wawili kaunta. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule yetu, anatoa nakala za hati ya shamba. Alinishika mkono, akanisifu kwamba nimerudisha mwili, na akabaki amesimama pale pale akizungumza. Bhavna alinyoosha mkono kupokea barua yangu. Kawaida yake aliipitia kwanza na kuuliza kwa sauti neno lolote asilolisoma vizuri, na mwandiko wangu ni mbaya. Nilimwona akilini akiuliza, "Mwalimu, hili neno ni 'kifua'?" Mkono wangu ukaingia mfukoni ukatoa ile karatasi fupi.

Iliandikwa hivi: "Pole sana kaka. Kusema kweli mimi simjui mtu aliyewahi kuzimaliza dawa hizo, lakini nakushauri umsikilize daktari. Nyuki wanacheza Jumapili, nitakuletea habari."

Nilijidanganya kwamba si uongo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijamaliza bado, kwa hiyo ni kweli simjui aliyemaliza. Mwalimu anaweza kuwa mwerevu hivyo. Ule ukurasa mwingine niliuchana njiani nikitelemka kwenda kituo cha matatu.

Jibu lake lilikuja baada ya siku tatu. "Asante kaka. Nilidhani hivyo. Habari za Jumapili?" Nilifurahi kwamba hakukasirika. Baada ya hapo alinichekesha tena mara mbili tatu, kisha barua zake zikawa chache, kisha za mistari miwili. Mwezi wa tisa hakuandika. Nikasema ni msimu wa kukata mkonge, ofisi ina kazi nyingi.

Mimi nilimaliza Oktoba, mvua za vuli zikiwa zimeanza na chai inachumwa mpaka watu wanachoka. Sikupigiwa vigelegele. Muuguzi aligonga mhuri kwenye kadi yangu, akaniambia, "Haya mwalimu, nenda ukasumbue watu wengine," na nikajikuta nimesimama nje ya zahanati bila mahali pa kukimbilia. Nyumbani Kerubo alikata ule uzi mwekundu kwenye sahani na kuitupa miongoni mwa nyingine, na tangu siku hiyo siijui ni ipi. Mama alichinja kuku. Hakusema ni kwa ajili gani. Nilikwenda uwanjani Jumapili hiyo, nikawaona Nyuki wakifungwa vibaya, na nikaandika ripoti ya kweli kwa mara ya kwanza mwaka ule. Ilikuwa kavu sana, mtu wa Eldoret akauliza kama ninaumwa.

Wiki mbili baadaye niliingia dukani na Bhavna akaniambia nikae. Hakuwa amewahi kuniambia nikae. Alinipa karatasi moja, barua ya Onsongo kwa Mzinga wote. Ilisema Mwakio amefariki, kwamba alikuwa ameugua kifua muda mrefu bila kumwambia yeyote, kwamba aliacha dawa katikati na ugonjwa ukamrudia kwa nguvu.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka Bhavna akifunga kitabu cha risiti na kuweka kiganja juu yake.

"Mwalimu," alisema, "ile barua yake ya mwezi wa sita ni mimi nilichapisha. Na jibu lako ni mimi niliandika."

"Najua."

"Mimi niliona wewe unaumwa tangu wakati mke yako alianza kuchukua barua. Ulivyorudi, nilisikia hiyo kifua. Ni kikohozi najua." Aligeuka akaonyesha upande wa stoo, ambako mumewe alikuwa anapanga maboksi ya madaftari mpaka juu karibu na dari, shati limemlowa jasho. "Huyo alikuwa nayo mwaka ile tulioana. Alimaliza dawa yote. Karibu miaka tisa sasa."

Nilimtazama yule mwanamume akiinua boksi.

"Nilitaka kuandika chini ya barua yako," Bhavna aliendelea. "Mstari moja tu. Vidole ilikuwa tayari. Halafu nikasema hapana, mimi kazi yangu ni kupiga chapa, si kujibu watu. Baba mkwe alisema tusiwahi kuambia mtu, watu hawatanunua." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Wewe ulinyamaza kwa sababu yangu, mimi nikanyamaza kwa sababu ya duka."

Nilitaka kumkasirikia. Ingekuwa nafuu kubwa kumkasirikia. Lakini ni mimi niliyeulizwa.

Niliandika barua pale pale kaunta, watu wakiingia na kutoka, na safari hii niliandika kwa herufi kubwa ili asikwame. Niliwaeleza Mzinga yote: ugonjwa, mechi kumi na moja, swali la Mwakio na jibu langu. Bhavna aliipiga chapa mpaka mwisho bila kuuliza neno. Majibu yalikuja mengi. Wawili walikasirika na wakatoka kwenye kundi. Onsongo aliandika kwamba angependa kunipiga kofi na kunikumbatia, hajui kipi kianze. Na wengine watatu, katika watu ishirini, waliniandikia pembeni kwamba nao waliwahi kuugua kifua, au mama yao, au kaka yao, na kwamba walimaliza dawa. Watatu! Tulikuwa tumekaa wote kwenye Mzinga mmoja, tunabishana kuhusu seti na marefa, na mtu mmoja kati yetu alikuwa anatafuta hata mmoja.

Shule zilipofungwa Desemba nilikwenda Voi. Kerubo alinifungia majani ya chai na ndizi mbivu za kumpelekea mjane, akaniambia, "Usiende kujitetea." Nyumba za wafanyakazi wa shamba zimepangwa kwa mistari, na watoto walinionyesha ya Wakesho. Alikuwa mwanamke mrefu, amekonda, na nilipomtajia jina langu alinipisha ndani.

"Ndiwe Mwandishi," alisema. "Alikuwa akinisomea hizo ripoti zako. Mimi mpira siujui, lakini alisoma mpaka nikawajua wachezaji kwa majina."

Nilimpa pole. Nilimwambia nimekuja kumweleza jambo. Nilimweleza, nikiwa nimeangalia sakafu, kwamba siku Mwakio aliponiuliza kama namjua mtu, mimi nilikuwa ninazimeza dawa hizo hizo.

"Ulikuwa umefika wapi?" aliuliza.

"Mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano." Alirudia polepole. "Siku aliyopata jibu lako alirudi kutoka ofisini akaniambia, hata kule kwao Mwandishi hakuna aliyezimaliza, basi hizi dawa ni za kupotezea watu wakati. Zilizobaki akaziweka juu ya kabati. Mimi nikamwamini, kwa sababu wewe ulikuwa mtu wa kuaminika." Kisha akaniangalia usoni. "Mwezi wa tano, na nafasi ya kuandika habari za mpira ukaipata."

Nilidhani atanifukuza na nilikuwa tayari kufukuzwa. Badala yake alinyanyuka, akaenda chumba cha pili, akarudi na kikombe cha maji na pakiti ya vidonge ninayoijua hata nikifumba macho. Alikuwa mwezi wa pili wa dawa, na kwa kuwa kliniki ya kule ilikuwa mbali, walimpa za wiki nzima. Watoto walikuwa wamepimwa na ni wazima, alisema, lakini yeye alimuuguza mumewe mpaka mwisho. Aliviweka vidonge mezani, akavipanga kwa kidole, akaviacha hapo.

"Mwalimu," alisema, "hizi zinaisha kweli?"

"Zinaisha."

"Unamjua aliyezimaliza?"

"Mimi. Nilimaliza mwezi wa kumi."

"Sema tena."

"Nilimaliza, mama. Zote, miezi minane."

Alivichukua vidonge kimoja kimoja akavimeza, bila kuniondolea macho, mpaka meza ikabaki tupu.